Ujiji: Jinsi Bandari ya Kale Ilivyogeuka Kuwa Kiunga cha Mji

Jioni ya leo nataka twende pamoja safari ya mbali kidogo, hata ukingo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Nauli hatutoi wala mzigo hatubebi, masikio yatosha. Na wale watakaoyasoma maneno haya katika kijitabu nawaomba waweke ramani karibu, maana habari za nchi huelea vizuri moyoni mtu akitia kidole juu ya mahali penyewe.

Mtu atokaye Dar es Salaam kwa gari la moshi hupita Morogoro, Dodoma na Tabora, na baada ya mwendo wa kilomita zaidi ya 1,200 hufika Kigoma. Hapo reli inakoma, na mbele ni maji. Kwa sababu hiyo watu wameupa mji huo jina la Mwisho wa Reli. Akitoka stesheni, akaifuata barabara kuelekea kusini, akaupita mtaa wa Mwanga, akiisha kwenda maili tano au sita huanza kuona miembe mikubwa ya kale, misikiti, nyumba zenye baraza, na dagaa walioanikwa juani. Hapo ndipo Ujiji.

Leo Kigoma na Ujiji ni manispaa moja, na hesabu ya watu ya mwaka wa 2012 ilikuta humo watu zaidi ya 200,000. Mgeni akiona ofisi, bandari na stesheni ziko Kigoma, hudhani kwamba Kigoma ndio mji wa asili, na Ujiji ni kiunga kilichoota baadaye, kama viunga viotavyo kando ya kila mji. Sivyo. Ujiji ndio mkubwa kwa umri. Zamani Ujiji ulipokuwa ukitajwa Unguja na London, Kigoma ilikuwa ghuba ya wavuvi tu, haina reli wala gati. Nataka kueleza leo ni kitu gani kilichoujenga Ujiji, ni kitu gani kilichouvua ukubwa wake, na baada ya kuvuliwa, ni kitu gani kilichobaki.

Tuanze na ziwa lenyewe. Ziwa Tanganyika ni refu na jembamba, kama ufa katika nchi. Urefu wake ni karibu kilomita 670, na kina chake hufika mita 1,470. Katika maziwa yote ya dunia, ni Ziwa Baikal tu, huko Urusi, linalolipita kwa kina. Leo nchi nne zinanywa maji yake: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Ziwa la namna hii hutenga watu, na papo hapo huwakutanisha. Huwatenga kwa sababu hapana awezaye kulivuka kwa miguu. Huwakutanisha kwa sababu mwenye mtumbwi aweza kufika pwani zote.

Wenyeji wa mahali pale ni Wajiji, ambao ni ndugu wa Waha. Kabla hajafika mgeni yeyote kutoka pwani ya bahari, wao walikuwa na soko lao. Fikirini jinsi soko lilivyozaliwa. Mvuvi ana samaki wengi kupita haja yake, lakini hana chumvi. Mtu wa Uvinza ana chumvi, iliyopikwa katika chemchemi za huko kwa zaidi ya miaka 1,000, lakini hawezi kuila peke yake. Watu wa nyanda za juu za Buha na Urundi wana mbuzi na ng'ombe. Watu wa ukingo wa ziwa wana michikichi na mafuta ya mawese. Huyu ana jembe la chuma, yule ana nafaka. Basi kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake hakuwa nacho, na watu wa hali hiyo hawawezi kukaa bila kukutana. Walikutana Ujiji.

Usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, wavuvi walitoka na mitumbwi na kuwasha moto wa kuni au matete. Dagaa huufuata mwanga. Walipokusanyika kuuzunguka, walichotwa kwa wavu wenye mpini uitwao lusenga. Siku hizi taa zimebadilika na nyavu zimebadilika, lakini kazi ni ile ile, na hata leo mtu akisimama pwani ya Ujiji usiku usio na mwezi huona taa zimetapakaa juu ya maji kana kwamba mji mwingine umejengwa ziwani.

Karibu na mwaka wa 1840 walifika Waarabu na Waswahili kutoka Unguja na pwani ya Mrima. Walikuja kwa njia ile ndefu itokayo Bagamoyo, ipitayo Tabora, ambayo msafara uliijua kwa miguu yake tu, hatua kwa hatua, kwa miezi mingi. Walitafuta pembe za ndovu. Walipofika Ujiji waliona kwamba soko lipo, mitumbwi ipo, na ng'ambo ya pili ya ziwa ni nchi ya Manyema yenye pembe nyingi. Basi wakajenga nyumba, wakaleta nguo na shanga, wakapanda miembe. Ujiji ukawa kituo cha mwisho cha njia ya nchi kavu na kituo cha kwanza cha njia ya maji.

Habari za mji huu zilifika Ulaya kabla Mzungu hajauona. Huko walilisikia ziwa likiitwa Bahari ya Ujiji. Mwezi wa Februari mwaka wa 1858 wakafika Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke. Walifika katika hali ya kuhurumiwa. Burton hakuweza kutembea kwa homa, na Speke alikuwa haoni sawasawa kwa maradhi ya macho. Kwa hiyo walipofika mbele ya maji waliyoyatafuta kwa miezi zaidi ya saba, mmoja hakuweza kuyafikia kwa miguu yake na mwingine hakuweza kuyaona vema. Aliyemwonyesha Burton kwamba ule mng'ao wa mbali ni ziwa ni Sidi Mubarak Bombay. Huyu alikuwa Myao, aliyetekwa utotoni, akauzwa utumwani na kupelekwa Bara Hindi, hata akarudi Afrika akiwa mtu huru. Mshikeni jina lake, maana tutakutana naye tena.

Mji ulikuwa na sehemu mbili zilizojulikana sana, Ugoi na Kawele. Katika Ugoi walikaa Waarabu, na soko lilikuwa huko. Kawele walikaa Waungwana wa pwani, wenyeji na watumwa. Sokoni palikuwa na samaki, chumvi, mawese, mahindi, mihogo, ndizi, mbuzi na majembe. Fedha zilizotumika zilikuwa shanga ziitwazo sofi, mfano wa vipande vifupi vya mrija wa kiko. Aliyeingia sokoni kwanza alibadili nguo zake kwa shanga, kisha akanunua; kama vile leo mtu avukaye mpaka abadilivyo noti zake kabla hajala.

Miongoni mwa wakubwa wa mji katika siku hizo alikuwa Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima. Alikaa miaka mingi, akafanya urafiki na wakubwa wa pande zote, mitumbwi yake ikaenda ziwani kote. Mtu huyu alifariki mwaka wa 1885, na nguvu zikashikwa na Muhammad bin Khalfan, ambaye watu walimwita Rumaliza.

Sasa, wasikilizaji wangu, nikiishia hapo nitakuwa nimewadanganya. Soko lile la samaki na chumvi lilikuwa na upande mwingine. Pembe hazikuja peke yake. Ziliandamana na watu. Kutoka Manyema na nchi nyingine za magharibi watu walitekwa, wakavushwa ziwa katika mitumbwi, wakashushwa Ujiji, na kutoka pale wengine wakapelekwa Tabora na pwani, na wengine wakabaki Ujiji kulima, kuvua, kujenga na kupika. Hatuna haja ya kulificha jambo hili wala kulipamba. Miembe tunayoiona nzuri leo ilipandwa kando ya njia waliyopitishwa watu hao. Mtu apumzikaye chini ya kivuli chake na akumbuke kwamba si kila aliyepita pale alipita kwa hiari yake.

Katika siku hizo alifika David Livingstone. Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa Machi mwaka wa 1869, mgonjwa, naye akakuta vitu vingi alivyoletewa vimeibwa. Akavuka ziwa kwenda Manyema. Huko, katika soko la Nyangwe, mwezi wa Julai mwaka wa 1871, aliona kwa macho yake watu wa wafanya biashara wakiwapiga risasi wanawake na wanaume waliokuja kuuza na kununua, na wengi wakafa mtoni. Akarudi Ujiji mwezi wa Oktoba, amechoka mwili na moyo, akakuta vitu vyake vimeuzwa tena. Hana dawa wala nguo za kununulia chakula.

Siku ya 10 Novemba, kwa hesabu yake Henry Stanley mwenyewe, msafara wa Stanley uliingia mjini na bendera na milio ya bunduki. Habari ya kukutana kwao imesimuliwa mno katika shule za nchi nyingi, hata wako watu wanaoujua Ujiji kwa salamu ile tu, kana kwamba mji uliumbwa asubuhi ile ili Wazungu wawili wavuliane kofia. Lakini tazameni waliosimama kando. Aliyetoka mbio kumlaki Stanley alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Na katika wakubwa wa msafara wa Stanley alikuwamo nani? Sidi Mubarak Bombay yule yule, ambaye alikwisha kufika Ujiji miaka 13 kabla ya hapo. Na alifika tena mwaka wa 1874 pamoja na Mwingereza Cameron. Stanley aliushangaa mji. Bombay aliujua tayari. Naye Livingstone alipofariki mwaka wa 1873, Susi na Chuma pamoja na wenzao walikausha maiti yake, wakaibeba kutoka nchi ambayo sasa ni Zambia hata Bagamoyo. Haya ni matendo ya watu walioishi katika njia ile, nao wamestahili kutajwa katika darasa lile lile.

Natuje sasa katika sababu zilizoupunguza mji. Ya kwanza ni maji.

Ziwa Tanganyika hupokea mito mingi, kama Malagarasi na Rusizi, lakini mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, upande wa Kongo. Mlango huu huweza kuzibwa na matope, majani na mafunjo. Ukizibwa, maji ya mvua hujaa kama maji katika mtungi. Katika karne ya 19 ulikuwa umezibwa. Stanley alipoutazama mwaka wa 1876 alikuta majani yameshika pale ambapo mto ungepita. Lakini ziwa lilizidi kujaa hata likaushinda mlango, na mwaka wa 1879 Mwingereza Edward Hore, aliyekaa Ujiji na misheni ya London, aliyakuta maji yakitoka kwa nguvu. Kutoka hapo ziwa likashuka mwaka hata mwaka, na katika miaka kumi na mitano hivi maji yakapungua kiasi cha mita 10.

Mita 10 za kwenda chini si neno kubwa pale ambapo ukingo ni mwamba uliosimama wima. Lakini pwani ya Ujiji ni tambarare na maji yake ni haba. Mahali kama hapo maji yakishuka kidogo, ukingo hukimbia mbali sana. Basi nyumba zilizokuwa karibu na maji zikajikuta mbali nayo. Leo mahali pa ukumbusho wa Livingstone, ambapo miembe iliyopo husemwa kuwa ni uzao wa ule mwembe wa kale, si ukingoni tena. Mtu hutembea dakika kadhaa hata afike kwenye mitumbwi. Ziwa liliuacha mji, na mji haukuweza kulifuata upesi.

Sababu ya pili ni reli. Kwa mapatano ya mwaka wa 1890 nchi hii ilihesabiwa kuwa ya Wadachi, ndio Wajerumani, na mwaka wa 1896 waliweka boma lao Ujiji. Hata hapo mji ulikuwa bado mkubwa. Lakini mwaka wa 1905 walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam. Mwaka wa 1907 ikafika Morogoro, mwaka wa 1912 Tabora, na mwezi wa Februari mwaka wa 1914 ikafika ziwani. Je, ilifika wapi ziwani? Njia ya misafara kwa miaka 70 ilikoma Ujiji. Reli ilikwenda Kigoma.

Hapakuwa na chuki katika jambo hili. Mtumbwi unataka mchanga wa kuupandisha. Meli inataka kina cha kuelea na vilima vya kuikinga na dhoruba. Ujiji una mchanga, lakini uko wazi kwa upepo, na maji yake ni machache. Kigoma ni ghuba yenye kina, imezungukwa na vilima kama mtoto mikononi mwa mamaye. Kwa watu wa mitumbwi Ujiji ulikuwa bora. Kwa watu wa meli Kigoma ilikuwa bora. Chombo kilibadilika, na bandari ikabadilika kwa kukifuata chombo. Wanafunzi mlishike neno hili, maana litawafafanulia miji mingi ya dunia: mahali pafaapo leo huenda pasifae kesho, ingawa hapakusogea hata hatua moja.

Meli yenyewe ilikuja mara. Iliundwa huko Papenburg, Ujerumani, mwaka wa 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku maelfu, ikapakiwa baharini, kisha katika reli, na kuungwa tena Kigoma. Jina lake lilikuwa Graf von Goetzen, nayo ilishushwa majini mwaka wa 1915, katika vita. Mwaka wa 1916 Wabelgiji walipokuwa wakija kutoka Kongo, Wadachi waliizamisha wenyewe, lakini kwanza waliipaka mashini yake mafuta mazito isiliwe na kutu. Waingereza wakaiinua mwaka wa 1924, na mwaka wa 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la upande wa kusini wa ziwa. Vizazi vya abiria na wachuuzi vikasafiri ndani yake. Yote hayo yalitendeka Kigoma, na Ujiji ulisikia honi kwa mbali.

Wabelgiji walikaa hata mwaka wa 1921, wakawaachia Waingereza. Ofisi, maghala na kazi za mshahara zikawa Kigoma. Mtu wa Ujiji aliyezoea kuwaona wageni wakija kwake, sasa aliamka alfajiri kwenda kutafuta kazi ya kupakia mizigo katika bandari iliyokuwa zamani ghuba ya wavuvi. Hivyo ndivyo mji ulivyogeuka kuwa kiunga. Kwa wazee waliouona utukufu wa zamani lilikuwa jambo zito. Mtu akishushwa cheo na adui hupata wa kumlaumu. Akishushwa na maji na reli, amlaumu nani?

Basi ingalikuwa Ujiji umejengwa na pembe peke yake, ungalikufa. Viko vituo vingine vya njia ile ambavyo leo ni majina tu katika vitabu. Kwa nini huu haukufa? Kwa maoni yangu jibu ni watu wake.

Wakumbukeni wale waliovushwa ziwa kwa nguvu. Mwaka wa 1922 sheria iliufuta utumwa katika Tanganyika. Wao na watoto wao, pamoja na Wamanyema wengine waliovuka kwa hiari kama wapagazi, mafundi na wachuuzi, hawakuondoka. Walikuwa wamekwisha kujenga, kuoa na kuolewa, na kuzika wazee wao pale. Walitoka makabila mengi yasiyosikilizana kwa lugha. Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani, na si ya sokoni tu. Wengi wao walishika dini ya Kiislamu, misikiti ikawa mahali pa kukutana, na madarasa ya watoto yakajaa. Wajiji, Waha, Wamanyema, Wabembe, Warundi, na watu wa asili ya pwani wakawa majirani katika mitaa ile ile. Mwenye asili ya aliyetekwa na mwenye asili ya aliyeteka waliswali safu moja, na wajukuu wao wakaoana. Sisemi kwamba machungu yalisahauliwa siku moja. Hakuna jambo kama hilo duniani. Nasema kwamba walioletwa kama mali ndio walioushika mji wenye mali walipoondoka. Heshima ya Ujiji imo hapo, nami naiona kubwa kuliko ile ya salamu ya mwaka wa 1871.

Na soko lile la kwanza, la samaki na mawese, ambalo lilikuwapo kabla ya pembe, lilibaki baada ya pembe. Hata leo dagaa na mawese ya Kigoma husifiwa mpaka Dar es Salaam. Njia ya misafara nayo haikusahauliwa: mwaka wa 2006 serikali ya Tanzania iliiweka katika orodha ya mahali panapopendekezwa kwa UNESCO kuwa urithi wa dunia, kuanzia Bagamoyo hata Ujiji.

Lakini mambo hayajaisha, na hapa nasema na nyinyi mkaao kando ya maziwa, popote mlipo. Ziwa lile lililoondoka limeanza kurudi. Katika miaka ya karibuni maji ya Tanganyika yamepanda sana, na mwaka wa 2024 yaliingia katika nyumba za watu mjini Bujumbura na kufunika ukingo katika mahali pengi. Wazee wetu wa karne ya 19 waliona kupanda na kushuka kwake. Sisi tuliozaliwa wakati wa kushuka tulidhani nchi ile kavu ni yetu milele. Nchi iliyoachwa na ziwa ni mkopo, na mwenye mali hana tarehe ya kudai. Ajengaye pale na aulize kwanza maji yalifika wapi zamani za babu yake.

Samaki nao wamepungua kwa kuvuliwa kupita kiasi. Kwa hiyo, kuanzia tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti mwaka wa 2024, upande wa Tanzania uvuvi katika ziwa ulisimamishwa, kwa mapatano ya nchi zote nne, ili samaki wapate kuzaa. Kwa mvuvi miezi mitatu bila wavu ni mirefu, na kwa mama auzaye dagaa pia. Lakini soko ambalo halikuuawa na kuondoka kwa pembe, wala kwa kuja kwa reli, litauawa na ziwa tupu. Ni afadhali njaa ya msimu mmoja kuliko njaa ya wajukuu.

Na reli vile vile haijakoma kubadilika. Mwezi wa Desemba mwaka wa 2022 ulitiwa sahihi mkataba wa kujenga reli mpya ya kisasa kutoka Tabora hata Kigoma. Njia mpya itakapokwisha itawainua watu wengine na kuwaacha wengine, kama njia zote. Anayejua yaliyompata Ujiji hatashangaa. Atajiuliza mapema ataifanyia nini njia hiyo kabla haijampita.

Wanafunzi, nimalize na kazi ndogo kwenu. Habari hizi za Ujiji tunazo kwa sababu wageni walikuja na kalamu. Lakini waliandika waliyoyaona wao, na mengi hawakuyaona. Kijiji chako nacho kina habari zake. Nenda kwa babu na bibi, ukae mkekani kwa adabu, uulize: Nani alijenga hapa kwanza, naye alitoka wapi? Soko lilikuwa wapi, na siku gani? Maji yalifika mti gani? Njia ya zamani ilipita upande gani, na ilihamishwa kwa sababu gani? Yaandike katika daftari kwa wino, utie na mwaka. Usiyaache ya aibu kwa kuwa ni ya aibu, wala usiyaongeze ya sifa kwa kuwa ni yenu. Siku moja mtu atapita kijijini kwenu na kukiona kiunga tu cha mji fulani; nawe utakuwa na la kumwambia.